Mwiko na Upepo wa Jua

Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa mtu wa kukaa juani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotuchekesha kwanza sisi wanafunzi wake pale Bagamoyo. Mtu anayelizungumzia jua kutwa kucha, lakini anatembea na mwavuli mweusi kiangazi na masika, na akiingia darasani anatafuta kona yenye kivuli kuliko zote. Ukimuuliza, atakujibu kwamba analijua jua vizuri mno hata hawezi kuliamini.

"Ninyi mnadhani jua ni mwanga na joto, basi," alituambia siku ya kwanza. "Jua linavuma. Linatoa upepo usiku na mchana, na upepo huo unaipita dunia sasa hivi, hivi ninavyosema, nanyi mmekaa hapo mnawaza maandazi ya saa nne."

Na kweli nilikuwa nawaza maandazi. Nikanyanyua kichwa. Sijui wenzangu walisikia nini, lakini mimi mwili ulinisisimka, na mpaka leo, nikiwa mama wa watoto na mpima ardhi mwenye leseni yangu, mtu akitaja upepo wa jua mbele yangu naacha ninalolifanya.

Nieleze mapema, kwa namna alivyotueleza yeye, ili nisimpoteze mtu njiani. Upepo wa jua si hewa. Ni chembe ndogo mno zenye umeme, zinazotoka juani kwa kasi na kubeba sumaku yake njiani. Dunia nayo ina sumaku yake, na hiyo ndiyo ngao yetu; sisi wa pwani hii, karibu na ikweta, tumejificha vizuri nyuma yake. Lakini kwenye ncha mbili za dunia, kaskazini kabisa na kusini kabisa, ngao inainama na kuingia ardhini, na pale pana upenyo. Juu ya ncha hizo, mbali kuliko zinakoruka ndege, hewa ni nyepesi na chembe zake zimevunjwa na jua zikabaki na umeme. Tabaka hilo linaitwa ionosfia. Upepo wa jua ukifika pale, unalikoroga. Namna linavyokorogeka ndiyo iliyokuwa kazi yake, furaha yake na ugomvi wake pekee wa maisha, na ugomvi huo nitaufikia.

Salamu zake zilijulikana mtaa mzima. Ukimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba kwa utulivu, atauliza nyumbani, atauliza wazee, atauliza watoto, halafu, kabla hujavuta pumzi: "Na upepo umeusikia leo?" Tangu simu za kisasa ziingie, akitoka kuswali alfajiri anafungua simu kutazama kasi ya upepo kabla ya kutazama kitu kingine chochote. Kuna vyombo vimewekwa huko njiani kati yetu na jua, vinaupima upepo kabla haujatufikia, na vipimo vinatolewa bure kwa yeyote. Bure kwa yeyote: maneno hayo hakuchoka kuyarudia. Vijana wa maskani walikuwa wakimwita kutoka ng'ambo ya barabara, "Mwalimu, vipi, leo unapiga?" naye anasimama chini ya mwavuli wake na kuwajibu kwa urefu, hata akijua wanamtania. Wengine waliacha utani na kuanza kuuliza kweli. Mmoja wao alikuwa akinipigia simu mimi, mpima ardhi wa watu, kuniambia eti leo upepo umepanda.

Darasani hakuwa na subira ya ubao. Siku moja alitutoa nje, darasa zima, akapiga makofi, akatuambia tushikane mikono tuzunguke mlingoti wa bendera. Tukazunguka, duara moja kubwa, vumbi linatimka. Akapiga tena: tujigawe, duara ndogondogo. Akapiga tena: wawili wawili. Akapiga tena: kila mtu aruke peke yake pale aliposimama. Tukaruka mpaka mashati yakaganda mgongoni. Mkuu wa shule akatoka ofisini mbio, akauliza wanafunzi hawa wamekosa nini mpaka wanaadhibiwa hivi juani.

"Hawajakosa kitu, Mkuu," alisema Mwalimu akiwa kivulini. "Hawa ni ionosfia."

Mkuu wa shule alitutazama, akamtazama yeye, akarudi ofisini. Nasi tulivunjika mbavu. Tulipotulia, Mwalimu akatuuliza kama tunasikia joto. Tukasema tunalisikia.

"Basi huo ndio msukosuko. Mzunguko mkubwa unazaa midogo, midogo inazaa midogo zaidi, mpaka inafika mahali haiwezi tena kuzunguka, inaishia kuwa joto. Mtoni upo, kwenye uji upo, na kule kwenye ncha za dunia upo. Sasa niambieni. Aliyeanzisha duara kubwa ni mimi na makofi yangu. Wewe unayeruka peke yako mwishoni, mwili wako bado unayakumbuka makofi yangu, au umeshasahau unaruka tu?"

Nusu ya darasa ikasema tunakumbuka, nusu ikasema tumesahau. Tulitegemea atuambie nani kapata. Akafunga mwavuli, jambo ambalo hakuwa akilifanya nje, akasema hilo swali lina watu wawili duniani wanaogombana juu yake, na yeye ni mmojawapo.

Alipenda kupika, na hapo ndipo kisa cha maulidi kilipoanzia. Anayepika kwa nazi anajua kwamba tui likiwa motoni halitaki kuachwa. Unalikoroga taratibu, mwiko hautoki mkononi, mpaka lichemke likubali. Ukigeuka kidogo tu kuzungumza na mtu, linakatika, mafuta yanapanda juu na mabonge yanabaki yanaelea. Mwaka huo mtaani kwetu kulikuwa na maulidi, masufuria makubwa yamepangwa uani, kina mama wamechoka, na Mwalimu akajitolea kushika mwiko wa sufuria la mchuzi wa samaki. Wakampa. Ni nani angedhani? Alikoroga vizuri sana kwa muda, halafu akaona kitu mle ndani. Akaniita.

"Njoo utazame. Unaona mwiko unavyofanya mzunguko mkubwa? Na kule chini moto nao unasukuma vyake. Vile vidogo pale pembeni, hivyo ni vya mwiko au vya moto?"

Nikachungulia. Akaendelea kueleza, mikono yote miwili hewani, mwiko umo hewani pamoja nayo, unadondosha tui kwenye kanzu yake nyeupe. Tuliposikia kimya cha kina mama nyuma yetu, sufuria zima lilikuwa limekatika. Watu wakala, maana wageni walishafika, na hakuna aliyelalamika mbele yake. Lakini mkewe, mama mmoja mpole mwenye kauli fupi, alimpokonya mwiko pale pale. "Kuanzia leo," alimwambia, "wewe na mwiko kila mtu na njia yake." Marufuku hiyo ikadumu miaka na miaka. Alichambua mchele, alikuna nazi, alikamua tui kwa kifumbu, lakini penye moto hakusogezwa.

Nilipomaliza shule, nikasoma upimaji, nikarudi, niliendelea kwenda kwake karibu kila Ijumaa baada ya swala. Ndipo nilipoanza kusikia habari za kaskazini. Ujanani, miaka ya themanini, alikuwa amepelekwa kusoma huko juu kabisa ya ramani, kwenye mji ambao wakati wa kiangazi jua halizami na wakati wa baridi halichomozi. Kulikuwa na mitambo mikubwa inayorusha mawimbi ya redio juu na kusikiliza yanavyorudi kutoka ionosfia, na kulikuwa na Profesa wake, mtu mrefu, mkimya, asiye na dini yoyote, ambaye kwa maelezo ya Mwalimu alikula samaki bila chumvi na kuona ni sawa.

Ramadhani ya kwanza ikamkuta huko jua likiwa halizami. Afuturu saa ngapi? Akaamua kufuata saa za Bagamoyo. Akatundika ukutani saa yenye majira ya nyumbani, na nyumbani kukiwa magharibi yeye anafuturu, hata kama dirishani jua linamtazama usoni. Shida ni kwamba akizama kazini alisahau kabisa kuiangalia saa. Profesa akaligundua hilo. Akamwomba amfundishe namna ya kumkumbusha kwa Kiswahili, na tangu siku hiyo, kila jioni ya Bagamoyo, mlango wa chumba cha mitambo uligongwa, Profesa akasimama pale na sahani ya mkate na kikombe cha chai, nje kumeng'aa kweupe, akasema, "Jua lako limezama." Kisha akaondoka zake bila neno lingine.

Mwalimu alikuwa akinisimulia hilo anacheka, na kila mara kabla ya kufika mwisho kicheko kilikatika. Kwa sababu waligombana. Swali lilikuwa lile la makofi. Yeye aliamini kwamba msukosuko ule mdogo kabisa, kule mwishoni karibu na joto, unamkumbuka aliyeukoroga. Kwamba ukiuchunguza vizuri juu ya ncha ya dunia utasoma ndani yake upepo wa jua ulikuwaje. Profesa aliamini kwamba ukishakuwa mdogo kiasi hicho umeshasahau kila kitu, unafuata tabia ya ionosfia yenyewe tu. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vichache, kila mmoja aliona humo alichotaka kukiona. Muda wa masomo wa Mwalimu ulipokwisha na akasema anarudi nyumbani kufundisha, Profesa alimwambia anakimbia kwa sababu anaogopa jibu. Naye akamjibu kwamba mzee anaogopa mwanafunzi aliyempita. Hawakuagana. Tangu hapo si barua, si simu.

"Neno baya mtu analisema mara moja," aliniambia mkewe siku moja tukiwa wawili uani, "halafu analibeba mpaka uzeeni. Kila Ramadhani ikiingia, siku za mwanzo huyu bwana hazungumzi. Mimi najua anawaza nini."

Nikamuuliza kwa nini basi asiombe radhi. Mama akacheka. "Huyu? Huyu hajawahi kusema amekosea tangu nimwoe."

Alivyosema "nimwoe" ilikuwa utani wake, lakini alilolisema ni kweli tupu. Mtu huyu alitufundisha kwamba sayansi ni ujasiri wa kukosea, aliliandika hilo juu ya ubao kila mwanzo wa muhula, na yeye mwenyewe neno "nimekosea" lilimkwama kooni. Mfano ni ile safari ya Tanga, alipokwenda kwenye arusi ya jamaa yake. Basi likamshusha Msata, penye njia panda, abadilishe gari la kwenda Segera. Yeye kichwa kimo kwenye simu, upepo wa jua umepanda siku hiyo, akapanda gari linaloelekea upande wa pili. Likapita Chalinze, likashika barabara ya Dar, na kondakta alipomuuliza anashuka wapi ndipo alipoinua macho. Mtu mwingine angesema amepotea. Yeye akasema, "Vigwaza," maana ndicho kibao alichokiona mbele. Akashuka Vigwaza, akanunua jogoo, akarudi nyumbani na jogoo mkononi akidai kwamba tangu mwanzo alikuwa na nia ya kununua jogoo. Arusi ikapita. Jogoo yule aliishi miaka mingi, na mkewe alimwita Bwana Harusi.

Nilimtania sana kwa hilo. Lakini nilikuwa nampenda, na nilitamani kabla ya mwisho wake au wa yule mzee wa kaskazini swali lile lipate jibu.

Halafu ikaja ile dhoruba kubwa ya jua ya juzijuzi hapa, ile iliyojaza simu zetu picha za mbingu nyekundu na kijani kutoka nchi za watu. Mimi nilikuwa Mapinga, napima viwanja. Wanunuzi wamesimama, dalali amesimama, vijana wangu wameshika bikoni, zile alama za mipaka, tayari kuzifukia, na kifaa changu cha setilaiti hakitulii. Kinanipa kona ya kiwanja hapa, punde kinaipeleka kwenye shamba la jirani. Nikazima, nikawasha. Dalali akaanza kunitazama kwa jicho baya. Nikampigia Mwalimu.

"Shikamoo Mwalimu, GPS yangu imechanganyikiwa."

"Marahaba, marahaba," alisema, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa furaha. "Haijachanganyikiwa, mwanangu. Inasema kweli. Mlango uko wazi."

Akanieleza palepale, na mimi nikaweka simu sauti ya juu wote wasikie. Sumaku inayobebwa na upepo wa jua mara inaelekea kaskazini, mara kusini. Ikielekea kusini inashikana na ya dunia, ngao inafunguka, na nguvu za upepo zinaingia na kuikoroga ionosfia ya ncha kwa kishindo. Upepo ukiwa mkali sana, vurugu hiyo haibaki huko, inashuka mpaka huku kwetu, na mawimbi ya setilaiti yanayopita humo yanafika yamepotoshwa. "Waambie hao wateja wako kiwanja hakijahama," alimaliza. "Warudi kesho kutwa. Leo wana bahati, wamekiona kitu ambacho baba zao hawakukiona." Wanunuzi wakatazama juu, wote kwa pamoja, na mbingu ya Mapinga ilikuwa bluu tu kama kawaida.

Jioni yake nilikwenda kwake moja kwa moja, buti zina matope. Nikamkuta barazani hajatulia, anakaa, anasimama. Nikamuuliza waziwazi: setilaiti siku hizi zinapita ndani ya ionosfia yenyewe, juu ya ncha zote mbili, na vipimo vyake ni bure, kwa nini hatutafuti jibu? Kisha akanionyesha kompyuta yake kuukuu na kusema kwamba tangu astaafu amekuwa akijaribu, kila siku baada ya alasiri, na kila mara mashine inakwama. Nikampelekea yangu ya kazini niliyokuwa nimeshaibadilisha, yenye nguvu, na Ijumaa zetu zikageuka kazi.

Nilikuwa sijawahi kufurahia kazi kiasi kile. Tulitenga mapito ya setilaiti: siku ambazo mlango ulikuwa wazi, siku ulipofungwa, siku za upepo wa polepole na siku za upepo mkali, kiangazi cha huko na baridi ya huko. Kwa kila fungu nilichora mstari unaoonyesha nguvu ya msukosuko, kuanzia mizunguko mikubwa upande mmoja mpaka midogo kabisa upande mwingine. Kama msukosuko unamkumbuka aliyeukoroga, mistari ingeteremka kila mmoja kwa namna yake. Kama umesahau, yote ingeteremka sawa. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma yangu, namsikia anavyopumua.

Mistari ikatokea. Siku za mlango wazi mstari ulikuwa juu sana, siku za mlango kufungwa ulikuwa chini. Upepo ulikuwa umefanya kazi yake. Lakini mteremko wake ulikuwa karibu uleule kwa yote, popote upepo ulipotoka na vyovyote ulivyokuwa.

"Chora tena," alisema.

Nikachora tena. Akavua miwani, akaifuta kwa shuka, akaivaa. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha ndani hasa, mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

"Umeona?" alimwambia, akimvuta mkono mpaka mbele ya kompyuta. "Upepo wa jua unaamua ukali tu. Umbo, huo mteremko, ni la ionosfia yenyewe. Unakuja umetoka jua zima huko, unaikoroga, nayo inasema sawa, koroga utakavyo, lakini kuzunguka nazunguka ninavyojua mimi. Umeona uzuri huo?"

"Nimeona," alisema Mama. "Kwa hiyo nani alikosea?"

Kicheko kikaisha. Mwalimu akakaa chini. Ndipo nilipofahamu kilichokuwa kinamsubiri, na nikamwonea huruma, maana furaha na hofu zilikuwa zimemkalia usoni kwa pamoja.

Kulikuwa na jambo hakuwa ameniambia. Binti wa Profesa alikuwa amemtafuta mtandaoni na kumwandikia kwamba baba yake anaumwa, anavuta pumzi kwa mashine, na kila mara anamtaja yule mwanafunzi wake wa Bagamoyo. Alikuwa ameweka na namba ya simu. Mwalimu alikuwa nayo na hakuwa amejibu. Akaniomba mimi niandike ujumbe, niseme tumepata matokeo haya na haya. Nikakataa.

"Mwalimu, nisamehe, hili useme mwenyewe. Kwa mdomo."

"Nitashindwa."

"Umri huo wote," alisema mkewe, "unaliogopa neno moja?" Akamtazama kitambo, akaingia jikoni, akarudi na mwiko. Akampa. "Haya. Kesho kutwa Ramadhani inaingia. Njoo upike futari, mikono ikiwa na kazi mdomo utalegea."

Basi siku ya pili ya mfungo nilikuwa kwao kabla ya magharibi. Mihogo ilishaiva pembeni, tende zimepangwa kwenye sahani, na Mwalimu alikuwa mbele ya meko, mwiko mkononi kwa mara ya kwanza tangu maulidi yale, anakoroga tui la samaki kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Simu tuliiegemeza kwenye kopo la sukari. Nikabonyeza namba. 

Akatokea binti kwanza, kisha akageuza simu. Mzee alikuwa kitandani, mwembamba, mirija puani, na dirishani kwake theluji ina mwanga kidogo. Walitazamana. Mwiko ulikuwa unazunguka, unazunguka. Kisha Mwalimu akasema kwa Kiingereza, polepole, huku ametazama sufuria badala ya simu:

"Nimepata vipimo. Wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Msukosuko unasahau. Mimi ndiye niliyekosea, na nilikosea zaidi kwa maneno niliyokwambia siku ile."

Nilimwona Mama akifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Kisha Profesa akatikisa kichwa juu ya mto.

"Hapana," alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba lakini ina makali. "Aliyekosea ni mimi. Nimefikiri miaka yote hii. Ukali je? Mlango ukifunguka ukali unapanda mpaka kwenye mizunguko midogo kabisa. Hiyo ni kumbukumbu. Nimekusubiri uje nikwambie."

"Ukali si kumbukumbu," alisema Mwalimu, na mwiko ukasimama. "Umbo ndilo kumbukumbu."

"Nani kasema? Ulinifundisha wewe mwenyewe kwamba—"

"Nilikuwa kijana, nilikuwa sijui!"

Na hapo wakaanza. Wallahi wakaanza, kila mmoja ameshika upande ule aliokuwa nao mwenzake zamani na hataki kuuachia. Mzee wa watu akajiinua kitandani, binti yake anamwekea mto mgongoni, anasema baba taratibu, naye hasikii. Mwalimu alikuwa na mikono yote miwili hewani, mwiko umo hewani, kanzu inapata matone yake. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, sijui kipi zaidi. Nilitazama sufuria na nikaona mafuta yanapanda juu, mabonge yanaanza kuelea, nikataka kusema, Mama akanishika bega.

"Liache likatike," aliniambia kwa sauti ya chini.

Adhana ikapanda kutoka msikiti wa jirani, ikajaa jikoni na kuingia kwenye simu. Mwalimu hakuisikia. Alikuwa katikati ya sentensi. Aliyenyamaza kwanza ni Profesa. Akainua kidole kimoja, akasikiliza, akatazama dirishani kwake ambako mwanga ulikuwa bado haujaisha. Kisha, kwa Kiswahili chake kile cha sentensi moja, akasema:

"Jua lako limezama."

Mwalimu akasimama na mwiko wake, mdomo wazi. Mkewe akauchukua mwiko, akamwekea tende kiganjani, akamfunga vidole juu yake, naye akaila akiwa amesimama vilevile, machozi yanashuka na hayafuti. Futari tuliila na tui lililokatika, mabonge na yote, na Profesa alisubiri kwenye simu, pale penye kopo la sukari, mpaka tulipomaliza kula ili waendelee.